Sanduku limezidi, aplikesheni inasema kina mama hawajalipa: uchambuzi wa kisa kimoja cha Makorora, Tanga

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa hapa Tanga mjini, upande wa Makorora, wanachama 28, wanakutana kila Alhamisi saa tisa alasiri barazani kwa mwenyekiti wao. Kila baada ya miezi mitatu wanahesabu kila kitu mbele ya watu, pesa ya sandukuni na mikopo iliyo nje. Safari hii wakahesabu, ikazidi. Haikupungua jamani, ilizidi, sh 142,000 juu ya hesabu iliyokuwa inaonekana kwenye aplikesheni ya kikundi.

Kwenye vikundi hivi pesa ikipungua kila mtu anajua pa kutazama, macho yote kwa mweka hazina. Ikizidi watu wanabaki wanaangaliana. Kijana aliyetengeneza mfumo akapigiwa simu, jibu lake la kwanza likawa "mtakuwa mmehesabu vibaya mama mdogo, hebu rudieni". Wakarudia, ikaja ileile. Wakabadilisha wahesabuji, ileile. Hapo ndo nikaitwa na mimi kukaa nao kuangalia, maana kazi zangu ni hizihizi za mifumo na baadhi yao wananifahamu toka mdogo.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye vikundi hivi, mtindo wao ni ule wa sanduku la kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu, sanduku linalala kwa wa nne, hisa moja kwao ni sh 2,000 na mtu ananunua kuanzia hisa moja mpaka tano kwa mkutano, na kila mwanachama ana kitabu chake kinagongwa muhuri hisa kwa hisa. Mtindo huu haukubuniwa na benki. Ulianza Niger mwaka 1991 kwa kina mama wa vijijini wakisaidiwa na shirika la CARE, ukatapakaa nchi nyingi za Afrika, na mimi naamini kilichoubeba ni ile mihuri, mama asiyejua kusoma hata herufi moja anafungua kitabu chake anahesabu mihuri kwa kidole na anajua ana nini. Hakuna anayeweza kumdanganya kwenye hilo.

Sasa wakaja vijana wawili wa Chumbageni, hapahapa Tanga mjini. Ni vijana wazuri, kazi wanaijua, na mmoja wao, mweka hazina wa kikundi ni mama yake mdogo kabisa. Walipata ufadhili kidogo wa majaribio, na sharti la mfadhili lilikuwa kikundi kiache makaratasi yote kwa mzunguko mzima, toka kuanza kuweka mpaka kugawana, ili ionekane kama mfumo unajitosheleza wenyewe. Basi vitabu vya mihuri vikafungiwa kabatini. Mafunzo yakatolewa, soda zikanywewa, picha zikapigwa.

Mfumo ulikuwa unafanya hivi: mama akitoa pesa mkutanoni, mweka hazina anaingiza kiasi kwenye simu janja yake, halafu mwanachama anatumiwa meseji yenye namba ya tarakimu sita, anaijibu kwa kuituma ileile namba, na hapo ndo malipo yanahesabika. Asipothibitisha hayahesabiki. Wazo lenyewe sio baya, lilikuwa la kumlinda mwanachama dhidi ya mweka hazina mwenye mkono mrefu. Ila kulikuwa na kitu kingine juu yake. Asiyethibitisha mfumo unamwandika "hajalipa", unamkata faini ya sh 1,000 kwenye hisa zake papo hapo, na unamshusha alama kwenye kitu walichokiita alama ya uaminifu, na alama ndo inayopanga nani akope.

Kina mama waliokutwa na shida walikuwa watano. Nitakaa zaidi kwa mmoja, bi mkubwa msuka mikeka ya ukindu, mtu mzima wa umri wa kuitwa bibi na sisi wote. Kwenye mfumo alikuwa na mikutano saba "hajalipa". Kila Alhamisi hisa mbili, sh 4,000, anazitoa kwenye pindo la kanga mbele ya watu 27. Mara saba 4,000 ni sh 28,000 ambazo ziko sandukuni na mfumo haukuziona, na juu yake akakatwa faini sh 7,000. Alipoomba mkopo wa sh 90,000 anunue ukindu na rangi kabla ya Ramadhani, mfumo ukaandika neno moja kwa rangi nyekundu: Hastahili.

Nilimuuliza kama alikuwa anapata zile meseji. Alikuwa anazipata zote, kanionyesha, hajafuta hata moja.

Sasa angalieni meseji yenyewe. Mwanzoni kuna salamu na kiimoji cha moyo. Kijana alikiweka ili meseji iwe ya kirafiki. Wanaofanya kazi na meseji wanajua, maandishi ya kawaida yanabeba herufi 160 kwa meseji moja, na Kiswahili kinaingia chote bila shida, lakini ukitumbukiza imoji moja tu meseji nzima inabadilishwa mfumo wa herufi na nafasi inashuka mpaka 70. Kwahiyo meseji ilikuwa inakatika vipande viwili, kile chenye namba kinakuja cha pili, mara kimechelewa, na kwenye kitochi cha bibi ule moyo ulionekana kama kibox kitupu. Hiyo moja.

Pili, meseji inasema "thibitisha kabla ya saa 4:00". Kijana alimaanisha saa kumi jioni, mkutano unapoisha, kachukua saa ya kwenye sava, ile kompyuta inayoendesha mfumo, kaigeuza kuwa 4:00 kaiwekea neno saa mbele. Makorora nzima ukimwambia mtu saa nne anaelewa saa nne, na kwa kuwa anaambiwa alasiri basi ni saa nne ya usiku. Bibi akaona ana nafasi ya kutosha.

Tatu, na hii ndo iliyoniumiza, mwisho wa meseji kuna onyo: "usimpe mtu mwingine namba hii". Bibi macho yake hayasomi maandishi madogo, anasomewa na mjukuu wake anayeendesha bodaboda. Wenzake wako pembeni yake pale barazani, yeyote angeweza kumsomea, lakini mjukuu alishamsomea lile onyo siku ya kwanza na yeye akalishika. Akawa anasubiri mjukuu arudi baada ya isha, mtu wa damu yake, anayemwamini. Mjukuu anafika, anatuma namba, inarudi "muda umepita". Alhamisi ambazo mjukuu hakuingia barabarani zilipita salama bila tatizo lolote. Kwahiyo ile alama ya uaminifu ya bibi, ukiiangalia vizuri, ilikuwa inapima ratiba ya bodaboda ya mjukuu.

Na alichoniambia bibi mwenyewe ni hiki: "Mwanangu, labda mimi ndo sijui kubonyeza." Amelipa kwa mkono wake, anakumbuka noti alizotoa, lakini simu ikisema hajalipa anaanza kujitilia shaka yeye.

Nikakaa na vijana tukafungua mfumo ndani. Pale kwenye jedwali la malipo kuna sehemu inaitwa amelipa, na inakubali majibu mawili tu, ndiyo au hapana, na ukianzisha rekodi mpya inaanza na hapana. Basi, hapo ndo kila kitu kilipoanzia. Hakuna nafasi ya tatu. Mtu ambaye hakulipa kabisa ana "hapana". Mtu aliyelipa ila meseji haikumfikia ana "hapana". Mtu aliyelipa, meseji ikamfikia, mjukuu akachelewa, "hapana". Mfumo ulikuwa haujui kama wale kina mama wamelipa, lakini haukuwa na namna ya kusema sijui, na jibu lililokuwepo karibu likawa lile la kumtia mtu hatiani. Na wakati mweka hazina alishaingiza kiasi kwa mkono wake! Yaani mfumo una taarifa kwamba pesa imepokelewa, halafu unaandika haijalipwa, kwa kuwa kipande cha mwisho cha safari kimekwama.

Mama mmoja muuza samaki wa pale Deep Sea yeye mikutano yake minne, hisa tano tano, sh 40,000, meseji hazikufika kabisa. Kwenye kumbukumbu za sava ilionekana wazi, hali ya meseji imeishia "imepokelewa na mtandao", haijafika kwenye "imewasilishwa kwenye simu", na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mtu yeyote anayetuma meseji kwa mfumo. Taarifa ilikuwepo. Ila hakuna mtu aliyeunganisha hiyo taarifa na ile faini. Sehemu moja ya mfumo inajua meseji haijafika, sehemu nyingine inamwadhibu mtu kwa kutoijibu.

Ukiniuliza mimi kosa kubwa la kisa hiki, ni hilo. Mfumo ulishindwa, halafu kushindwa kwake ukakuandika kama kosa la mtu. Mambo mengine yote, imoji, saa, onyo, ni kasoro za kawaida ambazo kila programu inazo na zitarekebishwa, lakini ukishajenga mfumo ambao kasoro zake zinageuka kuwa tabia mbaya ya mtumiaji, hutazijua kamwe, maana hakuna atakayekuletea ripoti ya kasoro. Atakuja mtu anaona aibu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Wale watano hawakujua kwamba shida yao ni moja. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, akaimeza faini yake kimyakimya moyoni, hakuna aliyesimama mkutanoni akasema. Pesa ndo ikasema.

Wanaofuatilia mambo haya watakuwa wameshakumbuka kisa cha Posta ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 waliweka mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, ukawa unaonyesha upungufu wa pesa kwenye matawi madogo, na wale waliokuwa wanaendesha matawi wakaambiwa walipe, wengine wakashitakiwa kwa wizi. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa miaka hiyo, wapo waliofungwa. Wengi waliopiga simu kuuliza waliambiwa ni wewe tu mwenye tatizo hili. Na sheria ya kule, baada ya mabadiliko ya 1999, mahakama inaanza na dhana kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu aonyeshe vinginevyo, sasa muendesha duka la posta kijijini ataonyeshaje? Desemba 2019 Mahakama Kuu ikasema wazi kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na Mei 2024 Bunge lao likapitisha sheria ya kufuta zile hatia. Miaka 25 hiyo. Sifananishi ukubwa, huku kwetu ni sh 142,000 na faini za buku buku, hakuna aliyekwenda polisi. Ila utaratibu wa kosa ni uleule, mashine inaaminiwa kwanza, mtu anaulizwa baadaye, na kila muathirika anabaki peke yake.

Tofauti iliyowaokoa Makorora ni sanduku. Wale kina mama walikuwa bado wana pesa taslimu inayoshikika, wanaihesabu kwa sauti. Kama malipo yote yangekuwa yanapita kwenye simu tu, zile 142,000 zingezamia sehemu huko na bibi angebaki mdaiwa mpaka leo.

Wakati tunaendelea kupekua tukakuta jingine, na hili kwa upande wangu lilikuwa zito zaidi kuliko pesa. Katiba ya kikundi haina riba. Wengi wao Waislamu, walikubaliana toka mwanzo anayekopa anarudisha alichokopa, na mfuko wa jamii wanauchangia wote sh 500 kila mkutano. Siku ya kuandikisha kikundi kwenye mfumo kuna kisanduku cha "riba kwa mwezi, asilimia". Mweka hazina akajaza 0, ikarudi "tafadhali jaza sehemu hii". Akajaza 0.0, hivyohivyo. Akampigia mtoto wa dada yake, simu haikupokelewa, watu wanasubiri, akaweka 1 ili fomu ipite, akiamini watairekebisha baadaye. Waandika programu mtakuwa mmeshaielewa hiyo. Kwenye JavaScript, lugha ya kuandikia programu, ukiuliza kwa mkato kama sehemu imejazwa, sifuri inahesabika kama hakuna kitu. Kijana hakukaa chini akasema hawa lazima watoze riba. Aliandika mstari mmoja wa mkato ambao sote tumeshawahi kuuandika, na hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu atataka sifuri, kwa kuwa kwenye mifano yote ya mikopo aliyojifunzia riba ipo.

Matokeo yake sasa. Mama kakopa 60,000, karudisha 60,000 ndani ya mwezi, kwa akili yake na ya katiba amemaliza. Mfumo unasema bado sh 600. Na ukiacha hiyo 600 inakuwa deni lililochelewa, na deni lililochelewa linashusha alama. Karibu kila aliyekopa kwenye mzunguko ule alikuwa anasomeka mdaiwa, wa riba ambayo hajawahi kukubali na ambayo dini yake inamkataza. Mwenyekiti alipoelewa hilo alinyamaza kidogo kisha akauliza swali moja tu: "Kwahiyo kwenye makaratasi ya huko, sisi tunakula riba?" Kwenye ripoti iliyokuwa inakwenda kwa mfadhili ndiyo, ilikuwa inaandikwa "mapato ya riba".

Halafu ile orodha ya wadaiwa ilikuwa inatumwa. Kila Ijumaa asubuhi wanachama wote wanapokea meseji yenye majina ya wanaodaiwa na kiasi. Vijana wana utetezi wao hapa na sio wa kupuuza, waliuliza mkutanoni kama kikundi kinataka uwazi, wakajibiwa tunataka, na kweli madeni yanasomwa barazani kwa sauti kila Alhamisi toka zamani. Lakini linalosemwa barazani linasikika na watu 28 waliokula kiapo kimoja, likaishia pale. Meseji inakaa kwenye simu, na simu nyingi za nyumbani ni za familia, mtoto anachezea, shemeji anaazima, mume anapokea. Kuna mama mmoja mumewe alisoma jina la mkewe kwenye orodha, na deni lenyewe ni lile la mabaki ya riba ya uongo. Yaliyofuata nyumbani kwake siwezi kuyaandika hapa, itoshe kwamba aliacha kuja mikutanoni kwa muda. Nadhani kosa la vijana hapa ni kuchukua ndiyo ya kitu kimoja wakaitumia kwa kitu kingine. Kina mama walikubali kusomwa, hawakukubali kutumwa.

Kwenye hili kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Inataka taarifa ya mtu ikusanywe kwa lengo linalojulikana, isizidi lengo hilo, iwe sahihi, na inampa mhusika haki pale ambapo uamuzi unaomgusa unafanywa na mashine peke yake. Vijana walidhani hiyo ni ya mabenki na makampuni ya simu. Sio, anayekusanya taarifa za watu ni mkusanyaji hata kama ofisi yake ni chumba cha nyuma cha duka la steshenari. Halafu aplikesheni ilikuwa inaomba ruhusa ya kusoma majina yote ya kwenye simu ya mweka hazina. Nikauliza ya nini? Hawakuwa na jibu, ilikuja na kiolezo cha aplikesheni za mikopo walichoanzia. Na zile aplikesheni za mikopo tunazijua zilivyowatesa watu kwa kupigia ndugu na marafiki zao, mpaka Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Ukichukua mfupa wa mtu wa namna hiyo ukajengea nyama yako, angalia kwanza mfupa ulikuwa wa nini.

Mengine nayapitia haraka. Mama mwenye macho mabovu (mikutano sita, sh 36,000) ana simu janja na anatumia TalkBack, ile sauti ya kumsomea, ila batani za aplikesheni ni picha tupu zisizoandikwa jina kwa ndani, kwahiyo sauti inamwambia batani, batani, batani. Maandishi yenyewe kijivu juu ya nyeupe, na miongozo ya WCAG, ile ya kufanya tovuti na aplikesheni zitumike na watu wenye ulemavu, inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake isiwe chini ya 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, hapa haikufika, na wao wanakutana nje, jua la alasiri la Tanga linapiga kwenye kioo, hata mimi mwenye macho yangu nilikuwa naziba kwa kiganja. Mkwe na mama mkwe wake wanaotumia simu moja walikataliwa kuandikishwa wote, namba moja mtu mmoja, wakamwandikisha mkwe kwa namba ya jirani, ndo sh 38,000 zao zikapotelea huko.

Kuna watu wakisikia kisa hiki wanasema kina mama wapewe elimu. Mimi hii hoja naikataa kabisa. Elimu walipewa. Bibi aliambiwa usimpe mtu namba, hakumpa mtu. Aliambiwa kabla ya saa nne, mjukuu alituma kabla ya saa nne. Mweka hazina aliambiwa jaza riba ya kikundi, akajaza sifuri. Walifanya vyote walivyoambiwa! Mfumo ndo ulikuwa haujafundishwa. Waliujaribu kwa rafiki zao wanne wa Chumbageni, wote wana simu janja, wote wanasoma saa kama zinavyoandikwa kwenye kompyuta, hakuna anayeazima simu, na ulifanya kazi vizuri sana kwa hao wanne.

Na mfadhili naye simuachi. Lile sharti la kuacha makaratasi ndo lililoondoa ushahidi. Kama vile vitabu vya mihuri vingeendelea kugongwa pembeni, kosa lingeonekana wiki ya pili. Kufanya majaribio kwa kufuta kumbukumbu ya zamani ni kuhamisha hatari yote kwa mtu ambaye hana la kupata, maana mradi ukishindwa vijana wanaandika ripoti, mfadhili anafunga faili, bibi ndo anakosa ukindu.

Marekebisho yalifanyika na wenyewe vijana, sio mimi, na mmoja alisimama mkutanoni akaomba radhi, kina mama wakamsamehe haraka kuliko nilivyotarajia. Hali ya malipo sasa ziko tatu: imethibitishwa, haijathibitishwa, na hajanunua hisa leo, na hiyo ya tatu haiandikwi na mashine, inaandikwa mkutanoni mwenyewe akiwepo au jina lake likiwa limeitwa. Asiyeweza kuthibitisha kwa simu anathibitishiwa na wawili kati ya washika funguo watatu mbele ya watu, ambao ndo uleule utaratibu wa zamani wa kuhesabu. Mfumo hautozi faini tena. Katiba yao toka mwanzo inasema faini inatolewa na mkutano, kwahiyo kwa kweli mfumo ulikuwa umejipa mamlaka ambayo hata mwenyekiti hana. Sifuri inakubalika. Imoji imeondoka, meseji ni moja fupi, namba iko mwanzoni, na saa imeandikwa "saa kumi jioni". Batani zimepewa majina. Meseji ya Ijumaa inakwenda kwa mwenye deni peke yake bila kutaja kiasi. Ruhusa ya kusoma majina ya simu imeondolewa. Vitabu vya mihuri vimerudi na wamekubaliana kwamba kitabu na simu vikitofautiana, kitabu ndo kinasimama mpaka mkutano uamue.

Faini zilirudishwa zote. Bibi alipata mkopo wake ila Ramadhani ilishaingia na ukindu ulishapanda bei, na hilo hakuna aliyejua nani alipe. Kuna aliyependekeza vijana wachange, mwenyekiti akakataa, akasema watoto hawa wakilipishwa hawatarudi, na wasiporudi nani atarekebisha.

Zile meseji za wadaiwa zilizokwishatumwa bado ziko kwenye simu 28 na vijana hawana namna ya kuzivuta.

Kilichobaki kwenye ubishi ni ile alama ya uaminifu. Kijana anataka ibaki, anasema sasa data ni safi na kikundi kikitaka kukopa benki alama itawasaidia, na anaweza kuwa na hoja maana benki nazo zinataka namba. Mama yake mdogo hataki hata kuisikia, yeye anasema kwenye kikundi hiki watu wanajuana miaka na mtu anayehitaji simu imwambie nani mwaminifu basi hajakaa nao. Mwenyekiti kaiweka kwenye ajenda ya mkutano wa katiba, baada ya mgawo wa mwisho wa mzunguko, na mpaka hapo sehemu ile kwenye mfumo imezimwa.